Jumapili ya Kumi na Mbili ni Ipi?

Mwezi Juni mwaka 2024 jirani yangu mmoja, askari polisi aliyekuwa kazini katika kituo cha mpakani, alipokea ujumbe mfupi kutoka kwa mkewe: mtoto atabatizwa Jumapili ya 12, omba ruhusa. Bwana huyo ni Mkatoliki. Akaifungua kalenda ya parokia, akaikuta Dominika ya 12 ya Mwaka imeandikwa penye tarehe 23 Juni. Akaomba ruhusa, akapewa siku nne, akadandia lori, naye akawasili nyumbani Jumamosi jioni akiwa na kitambaa cheupe cha mtoto kwapani. Mkewe akapigwa na butwaa. Ubatizo ulikuwa tarehe 18 Agosti! Mama huyo ni Mwanglikana, na kwa hesabu ya kanisa lake hiyo ndiyo Jumapili ya 12 baada ya Utatu. Agosti ilipofika ruhusa haikupatikana tena. Mtoto alibatizwa babaye akiwa zamuni.

Majirani walimlaumu mama, wengine wakamlaumu baba. Mimi nasema hakuna aliyekosea kuhesabu, ila kila mmoja alianza kuhesabu mahali pake.

Asili ya jambo hili ni Pasaka, ambayo haina tarehe moja. Kwa makanisa haya mawili huwa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi, na mwezi huo hupatikana kwa majedwali ya kanisa, si kwa kutazama mbinguni. Hivyo Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Wiki nane baadaye huja Jumapili ya Utatu, na Waanglikana wanaofuata Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 huanza kuhesabu hapo. Wakatoliki, tangu kalenda yao ilipotengenezwa upya mwaka 1969, huanza hesabu mwezi Januari, huiacha wakati wa Kwaresima na Pasaka, kisha huiendeleza hadi Dominika ya 34, ambayo ni ya Kristo Mfalme. Basi Pasaka ikichelewa, hesabu hizo mbili huachana zaidi. Mwaka 2024 tofauti ilikuwa 8. Mwaka 2025 ikawa 11. Mtu hawezi kukariri tofauti moja akaitumia miaka yote.

Zamani Jumapili nyingi zilijulikana kwa majina. Neno la kwanza la wimbo wa kuingilia, kwa Kilatini, ndilo lililokuwa jina: Gaudete ni ya tatu ya Majilio, Laetare ni ya nne ya Kwaresima, na Quasimodo ni ile inayofuata Pasaka. Laetare yafaa ikumbukwe katika ukurasa huu wa nyumbani, kwa sababu huko Uingereza vijana waliotumika katika nyumba za watu walikuwa wakipewa ruhusa siku hiyo kwenda kuwaona mama zao, na hata leo huko huitwa Jumapili ya Mama. Jina la namna hiyo halichanganywi na jingine. Lakini majina nayo yana vituko vyake: Septuagesima maana yake ni ya sabini, ilhali kutoka siku hiyo hadi Pasaka ni siku 63 tu. Wakatoliki waliiondoa katika kalenda yao ileile mpya. Na Jumapili yenyewe, je, si hesabu? Ni siku ya pili baada ya Ijumaa. Ndiyo maana wazee wa parokia hushikilia neno Dominika, yaani siku ya Bwana.

Katika nyumba ya jirani yangu sasa zimetundikwa kalenda mbili ukutani, ya baba na ya mama, bega kwa bega. Mwaka 2025 ilipofika zamu ya kubatizwa mtoto wa shemeji yake, mama alituma ujumbe mapema sana: "Baba, ni tarehe 7 Septemba. Kwako ya 23, kwangu ya 12." Safari hii alifika siku moja kabla, na kitambaa kilekile.