Mtoto si shokapu ya mlango wa gari

Asubuhi ya siku ya soko mjini Tukuyu, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya chai, mikungu ya ndizi inapakiwa haraka nyuma ya Land Cruiser la zamani kabla mvua haijaanza. Mlango wa nyuma, ule unaofunguka kwenda juu, una miezi mingi hausimami wenyewe. Baba anauinua kwa bega, anageuka na kumwita mwanawe wa darasa la tatu: "Njoo ushike huo mti, usiuachie."

Mtoto anakuja mbio. Anashika kipande cha mkaratusi kinachoegemeza mlango, anafurahi kuwa naye leo ana kazi ya kikubwa. Kichwa chake kiko chini ya bati na kioo ambacho mtu mzima hukiinua kwa mikono miwili. Mti ukiteleza kwenye tope, hakuna kingine cha kuuzuia mlango.

Hali hii ni ya kawaida katika familia nyingi zenye magari ya zamani, na kwa kuwa ni ya kawaida, hakuna anayeiita hatari. Kikohozi cha mtoto kinampeleka mzazi kituo cha afya siku hiyohiyo, lakini mlango unaoanguka unapewa mti na maisha yanaendelea. Yafuatayo yanahusu jinsi mlango huo unavyofanya kazi, namna ya kuutengeneza, na la kufanya iwapo tayari umemuumiza mtu.

Kwa nini mlango unachoka

Land Cruiser za mfululizo wa 60, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1980 na 1990, pamoja na zile za mfululizo wa 80 zilizofuata, nyingi zina mlango wa nyuma uliogawanyika mara mbili. Kipande cha chini hushuka kama meza, cha juu hupanda kama paa. Kile cha juu hushikiliwa na shokapu mbili nyembamba, moja kila upande. Magari hayo yalikuwa mashangingi ya wakubwa enzi zake. Leo mengi yako mikononi mwa watu wa kawaida, yakibeba viazi, ndizi, saruji na watoto.

Ndani ya kila shokapu kuna gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa, na oili kidogo. Gesi hiyo ndiyo inayousukuma ufito wa chuma utoke nje, na ufito ndio unaouinua mlango. Mahali ufito unapotokea pana sili ya mpira. Miaka ikipita sili hukauka, vumbi na tope hukwaruza ufito, na gesi huvuja kidogo kidogo. Hakuna mlio wala moshi wa kumwonya mwenye gari, ila mlango huanza kuwa mzito, kisha husimama nusu, kisha siku moja hushuka wenyewe.

Hali ya hewa ya Rungwe nayo inachangia. Gesi ikipoa, nguvu yake hupungua. Gari lililokuwa Kyela mchana wa nyuzi joto 30, likalala Tukuyu na kuamkia nyuzi 10, shokapu zake zimepoteza karibu asilimia 7 ya nguvu bila kuvuja hata kidogo. Kwa shokapu mpya tofauti hiyo haionekani. Kwa iliyochoka, ndiyo inayotenganisha mlango unaosimama na mlango unaoanguka. Ndiyo maana dereva anaweza kuapa kwamba "jana ulikuwa unashika vizuri", na akawa anasema kweli. Asubuhi za baridi za Juni na Julai ndizo za kuangaliwa zaidi.

Kipimo cha dakika moja

Mzazi hahitaji gereji ili kujua hali ya mlango wake. Watoto wakae mbali, gari liwe limezimwa mahali tambarare, na mtu mzima ainue mlango polepole asubuhi kabla jua halijapanda. Ukifika juu kabisa, autikise kidogo huku mikono ikiwa bado chini yake. Mlango mzima hubaki juu. Ukianza kushuka, hata taratibu, shokapu zimekwisha.

Kisha atazame ufito wenyewe. Mafuta yaliyotapakaa karibu na sili, kutu, mikwaruzo au ufito uliopinda ni dalili kwamba shokapu haifai. Aangalie pia bawaba na sehemu shokapu zinaposhikizwa kwenye bodi. Katika wilaya yenye mvua nyingi kama Rungwe, bati huoza kwa ndani wakati rangi ya nje bado inang'aa. Shokapu mpya yenye nguvu ikifungwa kwenye bati lililooza inaweza kuling'oa, na hasara ikawa kubwa kuliko ya mwanzo.

Kubadilisha bila kuumia

Shokapu hizi hazirekebishwi, hubadilishwa. Zipo njia za mkato mitaani, kama kutoboa na kujaza gesi upya au kuchomelea kipande cha chuma. Zote ni hatari. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 hivi. Ndani ya shokapu ya mlango shinikizo linaweza kupita bar 100. Kuitoboa, kuipasha moto au kuikata kwa msumeno ni kuchezea kitu kinachoweza kuruka kama risasi. Kwa sababu hiyo shokapu kuukuu haitupwi kwenye moto wa takataka, wala mtoto hapewi achezee.

Wakati wa kununua, mwenye gari achukue namba iliyoandikwa kwenye shokapu ya zamani pamoja na urefu wake ikiwa imetoka yote. Mara nyingi huwa na tarakimu inayofuatiwa na herufi N, ambayo ni kipimo cha nguvu. N 10 ni karibu sawa na nguvu ya kubeba kilo moja. Kama mlango umeongezewa mzigo, mfano ngazi au taa, muuzaji aelezwe. Shokapu dhaifu haitaushika mlango. Yenye nguvu kupita kiasi itaurusha juu kwa kasi na kuleta shida wakati wa kuufunga. Za mtumba zinaonekana nafuu, ila huenda zina umri sawa na zile zinazotolewa. Na zinunuliwe mbili, kwa sababu moja mpya na moja iliyochoka huupinda mlango upande mmoja.

Kazi yenyewe si ndefu. Wanahitajika watu wazima wawili. Mmoja anaushika mlango, na kando yake uwekwe mhimili imara, kama nguzo ya mbao iliyokatwa kwa kipimo, ikae juu ya sakafu ngumu na si juu ya tope. Mwingine anafungua. Kwenye aina nyingi, ncha ya shokapu imekaa juu ya kigololi na kubanwa kwa kipini cha waya. Kipini hicho huinuliwa kidogo kwa bisibisi bapa, kisha ncha huvutwa itoke. Baadhi ya magari ya zamani hutumia bolti, hapo spana ndiyo kazi yake. Upande mmoja ukamilike kwanza ndipo ufunguliwe wa pili, ili mlango usibaki hata dakika moja bila msaada wowote.

Jambo moja mafundi wengi wa haraka hulisahau: isipokuwa mtengenezaji ameelekeza vingine, shokapu hufungwa ili mlango ukifungwa ufito mwembamba uelekee chini na sehemu nene iwe juu. Kwa namna hiyo oili iliyo ndani hushukia kwenye sili na kuilainisha. Ikifungwa kichwa chini, sili hukauka mapema na pesa ya mzee imekwenda na maji.

Baada ya hapo ni kufuta tope kwenye ufito kwa kitambaa safi mara kwa mara. Ufito haupakwi rangi, haupakwi grisi, na haushikwi kwa koleo.

Pesa ikiwa haijapatikana

Mwezi wenye ada za shule, sare na mbolea, shokapu za gari si kitu cha kwanza kwenye orodha. Hilo linaeleweka. Lakini kusubiri pesa hakulazimu kusubiri ajali.

Fundi anaweza kukata kipande cha bomba gumu, urefu uleule wa ufito unapokuwa umetoka wote, na kukipasua ubavuni ili kivishwe juu ya ufito mlango ukiwa wazi. Kipande hicho huizuia shokapu kurudi ndani, hata kama gesi imekwisha. Kinavishwa na mtu mzima, kinavuliwa na mtu mzima, na kinakaa ndani ya gari muda wote. Ni msaada wa muda, na hufaa tu kama ufito haujapinda na maungio yake ni mazima. Kama maungio yameoza, ni afadhali mlango wa nyuma usifunguliwe kabisa na mizigo ipitie milango ya pembeni.

Na mlango usifungwe kamba ukabaki wazi safarini ili mikungu ienee. Gari likienda hivyo, moshi wa bomba huvutwa na kurudi ndani. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Injini za petroli hutoa nyingi kuliko za dizeli, ila moshi wa dizeli nao si wa kuvutwa na mtoto. Anayekaa kiti cha nyuma akilalamika kichwa kinamuuma, akatapika na kulegea, wengi husema gari limemchafua. Huenda ni moshi. Gari lisimamishwe, atolewe nje kwenye hewa safi, na asipopata nafuu haraka apelekwe hospitali.

Mlango ukishaangukia mtu

Vidole ndivyo huumia zaidi, halafu kichwa. Kidole kilichobanwa kiwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka, kisha kifunikwe kwa kitambaa safi. Kama kinatoka damu, kibanwe kwa kitambaa hicho bila kuachia kwa dakika 10, mkono ukiwa juu kuliko moyo. Pete ivuliwe mapema kabla kidole hakijavimba. Majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno na kinyesi cha ng'ombe havina kazi kwenye kidonda zaidi ya kuleta maambukizi.

Kidole kilichopinda, kilichopasuka, kilichong'oka kucha au kisichokunjika kinahitaji mtaalamu, na mzazi aulize kuhusu kinga ya pepopunda. Ikitokea ncha ya kidole imekatika, ifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Ncha yenyewe isiguse barafu. Mtoto na mfuko waende hospitali pamoja, bila kupitia nyumbani kutafuta nguo za kubadilisha.

Kichwa kina masharti yake. Mtoto aliyelia mara moja, akatulia na kurudi kucheza anaweza kuangaliwa nyumbani kwa siku mbili. Aliyepoteza fahamu hata kidogo, anayetapika zaidi ya mara moja, anayelala na haamki kwa urahisi, anayetoka maji au damu masikioni au puani, anayeona mawili, mwenye degedege, au ambaye mboni za macho hazilingani, apelekwe mara moja, iwe Hospitali ya Wilaya ya Makandana, Igogwe au kituo chochote kilicho karibu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja aende hata kama anaonekana mzima.

Kazi yake halisi

Kumkataza mtoto asishike mti haimaanishi kumfukuza garini. Watoto wa Rungwe wanakua wakisaidia, na ni malezi mema. Kinachotakiwa ni kumpa kazi inayolingana na mwili wake: kuhesabu mikungu, kubeba ndoo tupu, kumshika mdogo wake mkono mita chache kutoka kwenye gari.

Na ipo kazi moja ambayo mtoto huifanya vizuri kuliko mtu mzima. Kabla mlango wowote haujafungwa, apige kelele: "Mikono kichwani!" Kila mtoto aliye karibu anaweka viganja juu ya kichwa chake, naye mkubwa anayefunga anaviona vyote kabla hajasukuma. Ni mchezo kwao, na kwa mzazi ni njia ya kuhesabu vidole vikiwa bado kumi.

Ule mti wa mkaratusi nao hauna haja ya kutupwa. Upelekwe jikoni, ukapike maharage.