Taharuki ya Kua

Wako wahakiki wetu wanaoshikilia kwamba riwaya ya taharuki ni bidhaa ya kigeni, iliyoshushwa bandarini pamoja na vitabu vya Ian Fleming, na kwa hiyo haina mahali katika utamaduni wa taifa. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo, ingawa twakiri kwamba baadhi ya waandishi wetu wamewapa hoja. Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), alimpa mpelelezi wake Willy Gamba kazi inayohusu harakati za ukombozi wa Afrika. Wengi waliomfuata waliiga bastola na hoteli, siasa wakaiacha.

Wahakiki hao na waende Mafia. Katika kisiwa cha Juani yamo magofu ya Kua. Na katika ncha ya magharibi ya kisiwa kikubwa ulikuwako mji wa Kisimani. Wazee husimulia kwamba miji hiyo miwili, ya watu wa dini moja na lugha moja, ilikuwa na uhasama. Watu wa Kisimani walipokwisha kuunda jahazi, waliwachukua watoto wa Kua, wakawalaza ufuoni, na jahazi likashushwa majini juu ya miili yao. Watu wa Kua walinyamaza. Walingoja miaka, hata watesi wao wakadhani yamesahauliwa. Ndipo walipowaalika harusini, katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Karamu ikiendelea, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja tu wa kuwazungumzisha wageni. Mlango ukazibwa kwa mawe. Mzee alikuwa angali ndani.

Ni taharuki gani ya London inayoishinda hiyo? Muuaji twamjua tangu mwanzo. Anayetushika roho ni mzee yule. Je, alijitolea, au alichaguliwa? Na kama alichaguliwa, ni nani waliomchagua, wao wenyewe wakatoka salama? Hilo ni swali la siasa, tena la siasa za kila zama, na hakuna mpelelezi wa kuazima anayehitajika ili liulizwe.

Kua nayo ilivamiwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Leo magofu yake huonyeshwa watalii, nacho kisa hiki husimuliwa haraka haraka, kabla maji hayajakupwa na mashua kukwama.