Sisi si Nyasi

Jumapili iliyopita mhubiri wetu aliombea amani ya dunia, kisha akachomeka siasa: Marekani na China wakivutana, sisi wanyonge tupige magoti tu, maana fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi sikuitikia. Methali hii imenichosha. Iko redioni, iko vijiweni, na kila ikitajwa kuna kiongozi anasamehewa uzembe wake.

Fahali hao walipokuwa wakipigana kwelikweli, tulipata nini? Benki ya Dunia ilisema reli ya kwenda Zambia haitalipa. Nyerere na Kaunda wakageukia Beijing, na kati ya 1970 na 1975 zikalazwa kilomita 1,860, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba. Wamarekani hawakutaka Mchina abaki peke yake, wakatoa fedha za barabara kuu ya kwenda hukohuko Zambia. Reli kwa huyu, lami kwa yule, katika miaka ileile ambayo tuliambiwa tunakanyagwa!

Wataniambia Nyerere hayupo tena. Hoja ya mvivu. Mwalimu mwenyewe alisimulia kwamba tulipata uhuru tukiwa na wahandisi wawili. Leo tunao tele, ila tumewazoesha kukimbizana na posho za semina.

Angalieni sasa. Wachina wamekubali kuifufua reli hiyohiyo, TAZARA, kwa dola bilioni 1.4, chini ya mkataba wa miaka 30. Wamarekani wamemwaga fedha kwenye reli ya Lobito, Angola. Wote wanaifukuzia shaba na kobalti ya Kongo na Zambia. Nenda Tunduma uone shaba hiyo: mabamba mekundu yamefungwa minyororo juu ya tela, na chini ya tela dereva anasonga ugali kwenye jiko la mkaa, akisubiri foleni isogee. Bandari tunayo, njia tunayo, na wakubwa wawili wanabisha hodi kwa wakati mmoja. Mwenye duka anayeona wateja wawili wakigombea mzigo wake halii, anapandisha bei.

Basi mhubiri aache kutuliza watu, awaulize wabunge wetu: katika miaka hiyo 30, mafundi wetu wangapi watafundishwa kuunda injini na mabehewa, na karakana ya TAZARA ya Mbeya itapewa kazi gani? Majibu tuyaone ndani ya mkataba, kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa.