Kupasuliwa ili kupunguza unene: Usiende peke yako

Katika mitaa mingi ya miji yetu, mtu akinenepa huambiwa kuwa mambo yamemnyookea. Akikonda, majirani huanza kunong'ona kuwa ana maradhi. Kwa sababu hiyo, wanaoamua kupasuliwa ili wapunguze unene aghalabu hulifanya jambo hilo kuwa siri. Huenda mtu akaingia hospitalini akidai ana vidonda vya tumbo, kisha akarejea nyumbani bila ya mtu wa kumweleza yanayomsibu. Wiki hii, msomaji, nataka kukueleza kwa nini siri ya aina hiyo haifai.

Kwanza tuelewane kuhusu anayestahili. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzani uliopita kiasi. Miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na wanaume asilimia 17.5. Wengi wao hawahitaji kisu. Ili kujua nani anakihitaji, madaktari huchukua kimo chako kwa mita, wakakizidisha kwa chenyewe, kisha wakagawanya kilo zako kwa jibu hilo. Mama mwenye kimo cha mita 1.60 na uzani wa kilo 100 hupata 39. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka wa 1991 ulitaka mtu awe amefika 40, au 35 ikiwa ana ugonjwa unaoandamana na unene. Mnamo 2022, chama cha wapasuaji wa fani hii cha Marekani pamoja na kile cha kimataifa vilikubali 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa wenye maradhi kama kisukari.

Upasuaji wenyewe si jambo geni. Dkt Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza aina moja mnamo 1966. Katika aina hiyo, hutengenezwa kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo kikaunganishwa na utumbo mwembamba, hivi kwamba chakula hakipitii sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Aina ya pili, inayofanywa sana siku hizi, ni kuondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa tumbo na kubakisha kipande chembamba mfano wa ndizi. Aina zote mbili kwa kawaida hufanywa kupitia matundu madogo, na hupatikana katika baadhi ya hospitali za kibinafsi jijini Nairobi.

Kazi ya mpasuaji huisha kwa saa chache. Yako huendelea maisha yako yote, na sehemu kubwa hufanyika jikoni, harusini na usiku usingizi unapokataa kuja. Hapo daktari hayupo. Anayekufaa ni mtu aliyekwisha kuipita njia hiyo. Kina mama wetu wanajua nguvu za chama. Wamesomesha watoto na kununua mashamba kwa kuchangiana kidogo kidogo. Kikundi cha waliopasuliwa na wanaojiandaa hakina tofauti kubwa, ila kinachochangwa pale ni uzoefu.

Chukua mfano wa maandalizi. Daktari atakuagiza ule kwa vipimo kwa muda wa wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe, upunguze ugali, chapati, sukari na mafuta. Shabaha si kukutesa. Ini hulala juu ya tumbo, na likiwa limejaa mafuta humzuia mpasuaji kuona anachokikata. Lakini wengi hufanya kinyume. Huaga chakula kwa nyama choma na chipsi kana kwamba hawatakula tena duniani. Mwenzio aliyewahi kushawishika hivyo atakupigia simu Jumamosi jioni, saa ambayo mtaalamu wa lishe amekwisha kufunga ofisi. Atakukumbusha pia kuacha sigara majuma kadhaa mapema, kuuliza bima yako italipa nini, na kuandika maswali yako kwenye karatasi. Kuuliza si ujinga.

Baada ya upasuaji, majuma mawili ya kwanza au zaidi ni ya vinywaji tu, vikinywewa kwa mafunda madogo. Kisha huja vyakula vilivyopondwa, halafu vilaini, na kufikia mwezi wa pili hivi unaanza kurejea kwenye chakula cha kawaida. Mayai, samaki, ndengu na maharagwe hutangulia kwenye sahani, kwa kuwa mwili unahitaji protini. Huruhusiwi kunywa maji pamoja na chakula, bali husubiri kama nusu saa. Tonge la ugali lisilotafunwa vyema au kipande cha mkate mlaini huweza kukwama na kukutoa machozi. Haya yote yameandikwa katika karatasi za hospitali. Kisichoandikwa ni namna ya kumjibu shangazi anayekujazia sahani na kukuuliza, "Kwani chakula changu hakikupendezi?" Waliopitia hayo wanalo jibu.

Kuna majuto pia. Katika majuma ya mwanzo wengi hujiuliza kwa nini walijitia katika mambo haya. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita, nywele za baadhi yao hupukutika, na ngozi iliyolegea huanza kuning'inia. Ukiwa peke yako utadhani unakufa. Ukiwa na wenzio, mmoja atakuonyesha nywele zake zilizoota upya. Na majirani wakianza minong'ono kuhusu kukonda kwako, utakuwa na mahali pa kuyatua machungu hayo.

Hata hivyo, mwenzio si daktari. Moyo ukienda mbio, homa ikipanda, tumbo au bega likiuma sana, mguu ukivimba au pumzi ikikatika, usingoje mkutano wa kikundi. Kimbilia hospitali. Ukitapika siku nzima bila kukoma, fanya vivyo hivyo. Dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofen usizimeze bila idhini, maana zinaweza kuleta vidonda, hasa kwa waliofanyiwa upasuaji wa aina ile ya kwanza. Tembe za vitamini na madini ni za maisha, hata ukijihisi mzima, na pombe hulewesha upesi kuliko zamani. Akina dada nao hushauriwa wasishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu.

Ikiwa hospitali yako haina kikundi, mwombe mpasuaji au mtaalamu wa lishe awaunganishe wagonjwa wanaokubali. Watu watano wanatosha, wakikutana mara moja kwa mwezi. Wekeni sheria tatu: yanayosemwa hapo yabaki hapo, pasiwe na mashindano ya kilo, na asiwepo wa kuuza majani ya chai wala dawa za kukondesha. Tena msivunje kikundi mkishapungua. Uzani huweza kurudi miaka miwili au zaidi baadaye, wakati ambapo wengi wamekwisha kuacha kuhudhuria.

Nanyi vijana mlio shuleni na vyuoni, mzazi wenu akipitia haya, mnayo kazi. Msimletee soda nyumbani. Tembeeni naye jioni. Msimtangaze mtaani.

Si lazima ueleze mtaa mzima. Lakini mtu mmoja nyumbani na mmoja aliyepitia njia hiyo ni lazima wajue. Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi fomu ya hospitali, mwulize daktari swali moja zaidi: nani aliyepasuliwa hapa ambaye yuko tayari kuzungumza nami?