Kasiksi haihitaji kufukuzwa, inahitaji maji na vyombo safi

Katika vijiji vya Kabare, Walungu ao Kalehe, mahari haizungumzwi na matanga hayaishi bila kasiksi kuwekwa katikati. Mama wengi wa Kivu wamelipa minervali ya watoto kwa pombe hiyo ya ndizi. Lakini kila mara watu wakiugua, wenye mamlaka wanakuwa na dawa moja tu: kumwaga pombe na kutoza faini. Dawa hiyo haitibu kitu.

Mwenye kuchunguza kazi yenyewe ataona hatari inapoingilia. Ndizi zinaivishwa siku kadhaa ndani ya shimo lenye majani ya mgomba, zinamenywa, kisha zinakamuliwa pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke. Yanachujwa, yanaongezwa maji ya kawaida na unga wa mtama uliokaangwa, halafu yanafunikwa siku mbili ao tatu yachache.

Bia ya kiwanda inachemshwa kabla ya kuchacha. Kasiksi kwa desturi haichemshwi. Kwa hiyo maji yanayoongezwa, kama yametoka mtoni ao ziwani, yanaingia na vijidudu vyake, katika eneo ambako kolera haijaisha miaka mingi. Uchachu na kileo vinapunguza vijidudu, lakini hakuna anayeweza kuviamini peke yao. Kuchemsha maji hayo na kuyaacha yapoe kunagharimu makaa kidogo tu.

Hatari ya pili ni bidoni. Bidoni lililobeba mazutu ao dawa ya shamba halisafishiki kwa sabuni, maana plastiki inafyonza sumu. Na lile lililokwaruzwa ndani linaficha uchafu unaogeuza pombe kuwa siki, na mama anapoteza mtaji wake.

Kanyanga ni jambo lingine. Hapo pombe inachemshwa na mvuke wake kupozwa. Methanoli inaanza kuchemka kwenye digrii 65, kileo cha kawaida kwenye 78. Ndiyo sababu matone ya kwanza yanapaswa kutupwa. Hata hivyo, kuyatupa kunapunguza hatari bila kuimaliza. Na anayepoza mvuke kwa radiyateri ya gari anawanywesha wateja risasi iliyounganishia vyuma vyake. Hiyo ikatazwe bila huruma.

Watasema kufundisha watu kupika pombe ni kuongeza walevi. Ulevi ni shida ya kweli, na kumuuzia mtoto hakuna utetezi. Lakini mama anayefukuzwa sokoni haachi kupika. Anapika usiku, kwa haraka, katika chombo chochote anachopata.

Pesa za faini zingenunua mabidoni mapya ya chakula, na wahudumu wa afya wangefundisha vikundi vya mama kuchemsha maji. Mlevi atalewa hata kwa bia ya kiwanda. Anayekufa kwa maji machafu, huyo anaweza kuokolewa.