Gesi ya friji haipotei, jamani

Nimepotea kidogo, asaimenti zilinibana. Leo nina la moyoni.

Juzi friji ya mama muuza juisi nje ya hosteli yetu iligoma. Fundi akaja, akakata mrija, tssss! Gesi yote hewani. Akaziba, akajaza nyingine, akachukua chake. Nikamuuliza, "Kaka, hiyo gesi inakwenda wapi?" Akacheka: "Inapotea tu, mdogo wangu."

Haipotei bwana. Ushahidi uko Antaktika na Greenland. Kule theluji ikianguka hushindiliwa polepole, na kwa makumi ya mita kwenda chini bado ina vinafasi vya hewa. Kadiri unavyochimba, ndivyo hewa inavyokuwa ya zamani. Mwaka 1999 James Butler na wenzake walichapisha vipimo vya hewa hiyo. Ile ya chini kabisa, ya mwishoni mwa karne ya 19, haikuwa na gesi za friji aina ya CFC. Ukipanda juu zinaanza kuonekana, halafu zinaongezeka kwa kasi.

Inaendana kabisa na historia. Thomas Midgley na wenzake walizitengeneza mwaka 1928, tena kwa nia njema, maana friji za awali zilitumia gesi zenye sumu. Hapa hakuna volkano ya kusingizia. Ni kiwanda tu.

Kwenye semina kuna jamaa alisema haya ni mambo ya Wazungu, walipe wao. Nusu nakubaliana naye. Barafu inaonyesha na tarehe: gesi hizi zilipoanza kujaa angani, kijijini kwetu hata umeme hatuujui.

Lakini nusu nyingine inatuhusu. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizibana CFC, na sasa zinapungua. Zikaja mbadala kama R134a, ambayo haili ozoni ila kwa miaka 100 kilo yake moja inapasha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana mwaka 2016, hapo jirani Kigali, nchi zilikubaliana kuzipunguza nazo.

Sasa mkataba usainiwe Kigali halafu fundi wetu asisikie? Mimi simlaumu. Mashine ya kunyonyea gesi ya zamani ni ghali kuliko mfuko wake, na hakuna aliyemfundisha. Wa kulaumiwa ni sisi tunaojaza madaftari kuhusu gesijoto, tukitoka lekcha tunampita mtaani kama hatumjui. Nyie wa uhandisi, hivi haiwezekani mkakaa na mafundi siku moja tu, na mashine moja wakaichangia wote?

Vizazi vijavyo vitachimba theluji ya leo. Na ile tssss ya juzi wataikuta.

Naomba kutoa hoja. Mnasemaje wadau?