Bungua wa Mchicha

Ndugu zetu wasomaji, mwezi huu twaomba ruhusa tuzungumze habari ya mchicha. Hapana shaka wapo watakaosema kwamba mwalimu wa chuo hana haja na matuta. Lakini mboga huliwa kila nyumba, na jambo lililotupata sisi huenda likampata msomaji ye yote mwenye kipande cha ardhi uani kwake.

Nyuma ya chuo chetu hapa Mwenge, si mbali na soko la vinyago, tunacho kiwanja kidogo, hatua kumi kwa sita. Tumepanda humo mchicha, matembele, bamia na mistari miwili ya mahindi. Wanafunzi hutia maji baada ya darasa la alasiri, na kila mmoja huchukua fungu lake kwao siku ya Alhamisi. Masika yaliyopita mchicha ulisimama vizuri, mashina manene, majani mapana. Mara ukaja upepo mdogo wa adhuhuri, na miche mitano ikavunjika kama vijiti. Tulipopasua shina kwa kisu tuliona ndani limekuwa tundu tupu lililojaa unga mfano wa unga wa msumeno, na katikati amejikunja funza mweupe asiye na miguu.

Basi tukafanya haraka, na haraka ile twaijutia. Tukanunua dawa iliyopimwa katika chupa ya maji ya kunywa, isiyo na karatasi wala maelezo, tukanyunyiza tuta zima. Siku ya tatu tukamkuta mwanafunzi wetu mdogo amekwisha chuma fungu ampelekee mama yake. Tulimnyang'anya mkononi, naye akalia sana, maana hakuelewa kosa lake. Wala hakuwa na kosa, kosa lilikuwa letu sisi tuliokosa kumwambia. Tukamnunulia mboga nyingine sokoni. Jioni ile tukapasua mashina mengine, na yule funza tukamkuta mzima, anakula kama kawaida yake.

Mdudu huyu ni mtoto wa fukusi wa mchicha, ambaye wataalamu humwita Hypolixus. Mama yake hutoboa shina kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai humo, kisha huenda zake. Yai likianguliwa, funza hula kiini cha shina toka ndani, hugeuka bundo humo humo, na hatoki mpaka amekuwa fukusi kamili. Kwa hiyo dawa inyunyizwayo juu huangukia jani, nayo haimfikii aliyejifungia shinani. Ni kweli zipo sumu zipenyazo hata ndani ya mmea, lakini iliyopenya shinani imepenya na jani pia, na jani ndilo tulalo. Kila dawa ya halali ya mboga huandikwa siku za kungoja kabla ya kuchuma; chupa isiyo na maandishi haina siku.

Tangu hapo tumebadili desturi. Mchicha wetu sasa twaung'oa mzima na mizizi yake ukifikia majuma matatu au manne, tukapanda mwingine, badala ya kuuacha uzeeke tukichuma ncha zake miezi na miezi. Mashina makongwe ndiyo nyumba ya bungua. Mchicha pori uotao kando ya ua nao twaung'oa, kwani fukusi huishi humo akingoja. Asubuhi na mapema, kabla hajachangamka, wanafunzi humwokota kwa mkono na kumtia katika kopo la maji ya sabuni. Na hao vijana hawahitaji kuhimizwa.

Mwarobaini wasaidia, ila tusiupe sifa zisizo zake. Chukua gramu 50 za kiini cha mbegu zilizokaushwa kivulini, uzitwange, uziloweke katika lita 1 ya maji usiku kucha, uchuje, utie sabuni kidogo, kisha unyunyize jioni, kwa kuwa jua huiharibu nguvu yake. Humzuia mdudu aliye nje bado. Aliyekwisha ingia hana habari nao.

Katika mahindi bungua ni mwingine, mtoto wa nondo mdogo aitwaye Chilo partellus, mgeni aliyetoka Asia, akaonekana barani Afrika mara ya kwanza huko Malawi katika miaka ya 1930. Mayai yake hulala juu ya jani kama magamba ya samaki. Vifunza hukaa kwanza katika moyo wa mhindi na kutoboa majani matundu matundu, ndipo hushuka shinani. Zile siku chache za mwanzo ndizo nafasi ya mwenye shamba. Atazame majani, na ayaponde mayai kwa kidole. Baadaye anaye msaidizi mmoja ambaye wengi hawamjui. Mwaka 1993 wataalamu wa ICIPE waliachia pwani ya Kenya kijinyigu kutoka Pakistani, Cotesia flavipes, ambaye humfuata funza ndani ya bua na kutaga mayai mwilini mwake. Ukinyunyiza sumu ovyo, wa kwanza kufa ni huyu msaidizi aliye nje.

Mama wa mwanafunzi mmoja alituuliza: je, mashina yenye funza hai yafaa kuchomwa moto, na hali yajulikana katazo la kukiadhibu kiumbe kwa moto? Swali zuri, tena lilituaibisha, kwani sisi tulikuwa tumekwisha tayarisha kiberiti. Wanavyuoni wamelizungumza, na wapo walioruhusu palipokosekana njia nyingine. Lakini hapa njia nyingine ipo. Pasua mashina uwarushie kuku, nao watamaliza kazi kabla hujafunga kisu. Asiye na kuku achimbe shimo la kina cha mkono mzima, ayafukie. Mabua ya mahindi yasisimamishwe kuwa ua wa kuoga, kama wengi wafanyavyo, kwa sababu funza hulala humo kiangazi chote mpaka mvua ijayo. Yatandazwe chini katika jua kali majuma kadhaa.

Ama matembele, nayo yana fukusi wake, naye hupenda kutaga sehemu ya chini ya mti, iliyokomaa. Ukitaka mbegu mpya kata ncha tu, kiasi cha sentimita 30, na shina la kale uliache. Kiwanja chetu twakitazama kila Jumamosi asubuhi, na kisu tunacho mfukoni.